Herufi nene inayokimbia

Katika kurasa kama hizi tumezoea kupima vitabu: mafundisho yake, lugha yake, faida yake kwa wakristu. Leo naomba ruhusa ya kupima kitu kidogo kuliko kitabu, yaani herufi zenyewe zinazochapwa juu ya karatasi. Najua wengine watasema: Je, padri huyu amekosa kazi? Wagonjwa wanangoja mafuta matakatifu, na yeye anahesabu miguu ya herufi! Nawaomba wavumilie kidogo. Mimi pia nilifikiri kama wao, mpaka siku herufi ziliponiaibisha mbele ya wakatekumeni.

Kisa chenyewe ni hiki. Nilitayarisha karatasi ya Amri Kumi za Mungu kwa ajili ya wakatekista wa vijiji. Niliiandika kwa kompyuta, na kusudi Amri za Mungu zionekane kuwa na nguvu, nikachagua herufi zenye nguvu kuliko zote nilizoziona pale: herufi nene, zilizoinama, zenye nyayo za mraba. Chapa hiyo jina lake Rockwell. Karatasi ya kwanza ilipendeza sana. Lakini karatasi ya kwanza haikufika kijijini. Ilitolewa fotokopi, na ile fotokopi ikazaa fotokopi nyingine, kwa mashini yenye wino mbaya. Katekista mmoja mzee, mtu mwaminifu aliyeanza kufundisha watoto kabla mimi sijabatizwa, alisimama mbele ya vijana akasoma amri ya tano. Mahali nilipoandika “Usiue”, yeye akasoma “Usioe”. Vijana walicheka mpaka machozi. Mzee aliona haya, akafuta miwani yake, akaitazama tena karatasi. Nami nilipoishika mkononi nikaona kwamba mzee hakukosa. Karatasi ilisema hivyo. Kosa lilikuwa langu.

Tangu siku ile nimejifunza kutazama herufi. Nataka kuwaeleza chapa hii ni ya namna gani, ilitoka wapi, inafaa kwa kazi gani, na kwa nini isiguse sala zetu.

Kwanza sura yake. Tazameni herufi yo yote ya kitabu cha kawaida. Mwisho wa kila mguu utaona kijiti kidogo, kama wayo wa mtu. Katika vitabu vingi wayo huo ni mwembamba, tena umeungana na mguu kwa mkunjo laini. Katika chapa ya Rockwell wayo ni mnene sawa na mguu wenyewe, nao umekatwa mraba kama tofali. Hakuna mkunjo. Mistari yote ya herufi ina unene karibu sawa, juu na chini, kuume na kushoto. Herufi kubwa O ni karibu duara kamili. Herufi kubwa A imewekewa kijiti hata juu ya kichwa chake, kama boriti juu ya nyumba. Herufi hizi zikisimama wima, zina heshima fulani. Ni kama ukuta wa matofali uliojengwa na fundi anayejua kazi: hauna mapambo, lakini hauanguki.

Sasa zifanyeni nene zaidi, halafu ziinamisheni upande wa kuume. Hapo inaonekana ajabu. Wayo wa mraba umewekwa kusudi herufi isimame imara, nao mwinamo umewekwa kusudi herufi iende mbio. Ni kama askari aliyevaa viatu vizito vya vita, akaamriwa kushindana mbio. Anakimbia kweli, na nchi inatetemeka, na kila mtu anageuka kumtazama. Ndiyo nguvu yake, na ndiyo hasara yake pia. Kwa dakika moja anastaajabisha. Kwa mwendo wa siku nzima anachosha, yeye mwenyewe na wanaomsikiliza.

Sasa asili yake. Tabia mbili za herufi hii, mwinamo na unene, zilizaliwa mbalimbali, tena kwa makusudi mbalimbali.

Mwinamo ni wa Italia. Gutenberg alikwisha kuchapa Biblia yake huko Mainz yapata mwaka 1455. Miaka kumi baadaye, mwaka 1465, wachapaji wawili Wadachi, Sweynheym na Pannartz, walikuwa wakichapa vitabu katika monasteri ya Wabenedikto ya Subiaco, karibu na Roma. Halafu mwaka 1501, huko Venezia, Aldus Manutius alitoa kitabu kidogo cha mashairi ya Virgilio, chote kizima kwa herufi za mlalo zilizochongwa na fundi Francesco Griffo. Herufi hizo zilifuata mwandiko wa mkono wa wasomi wa wakati ule. Hazikuwekwa ili kupaza sauti. Zilikuwa nyembamba, zilikaribiana, nazo zilifaa kitabu ambacho mtu aliweza kukichukua mkononi njiani. Baadaye wachapaji walizifanya kuwa mtumishi wa herufi za wima: kwa majina ya vitabu, kwa maneno ya lugha ngeni, kwa maelezo. Katika Biblia nyingi za Kiingereza zinazofuata tafsiri ya mwaka 1611, maneno ya mlalo ni yale yaliyoongezwa na wafasiri ili sentensi ieleweke. Basi msomaji anayedhani kwamba mlalo maana yake ni “hili ni kubwa kuliko mengine” atadanganyika kabisa. Pale mlalo unasema kwa unyenyekevu: neno hili ni letu sisi wafasiri.

Wayo wa mraba ulitoka London, kwa kazi nyingine kabisa. Yapata mwaka 1815 mchapaji Vincent Figgins alionyesha herufi za namna hiyo, akaziita “Antique”. Wakati ule viwanda vilikuwa vinaongezeka, na wafanya biashara walitaka matangazo yanayoonekana kutoka mbali. Herufi za kitabu hazikutosha. Ilitakiwa herufi inayomshika mpita njia kwa nguo yake. Tena tangu Napoleon alipokwenda Misri na jeshi lake mwaka 1798, kila kitu cha Misri kilipendwa Ulaya, na watu wakaziita herufi hizo za Kimisri. Hata Mfaransa Thibaudeau, alipopanga herufi kwa jamaa zake mwaka 1921 kwa kutazama nyayo zao, aliiita jamaa hii Egyptienne. Wadachi walipotengeneza moja mpya mwaka 1929 wakaiita Memphis. Sisi Waafrika tunaweza kucheka kidogo hapa: jina ni la bara letu, lakini mtoto ni wa London. Mafarao hawakujua lolote juu yake.

Mwaka 1845 Robert Besley na kiwanda chake cha kusubu herufi walitoa Clarendon, ambayo nyayo zake ni nene lakini zimeungana na mguu kwa mkunjo. Kazi yake ilikuwa ya akili: kusimama katikati ya herufi nyembamba na kuonyesha neno moja, kama vile katika kamusi, ambamo macho yanatafuta neno kwa haraka. Hapo unene ni taa ndogo ya njiani. Rockwell yenyewe ilitolewa mwaka 1934 na Monotype ya Uingereza, pamoja na ndugu zake: nyembamba, nene, za wima na za mlalo. Leo imefika kwetu kwa sababu inakuja pamoja na programu za Microsoft Office katika kompyuta nyingi. Hakuna aliyeileta kwa ajili ya liturjia. Ilikuwa ndani ya sanduku, nasi tukaikuta.

Basi, inafaa kwa kazi gani? Sitaki kuidharau. Nabii Habakuki aliamriwa kuandika maono waziwazi juu ya vibao, ili asomaye aweze kusoma mbio. Hiyo ndiyo kazi ya bango. Mkitaka kutangaza mchezo wa mpira kati ya seminari na masomo ya jirani, mkaandika neno moja “Jumapili” kwa herufi nene za mlalo zenye nyayo za mraba, mmefanya vema. Mwinamo unapatana na mwendo wa mpira, unene unaonekana toka barabarani. Juu ya jalada la gazeti, kwa jina lake tu, inafaa. Ubavuni mwa gari la mizigo, juu ya mlango wa duka, inafaa. Neno moja, mawili, matatu, kubwa, juu ya karatasi nyeupe yenye nafasi pande zote. Hapo askari wetu anakimbia mita mia, anapigiwa makofi, anakaa.

Tena tukumbuke kwamba herufi haina dhambi, ila inapata mazoea. Katika Marekani ya karne ya 19 herufi nene za mabango zilitangaza meli, michezo ya kuigiza na dawa za kila namna. Zilitangaza pia minada ya watumwa. Na mwaka 1851, huko Boston, watu waliopinga utumwa walitoa bango kubwa la kuwaonya watu weusi wajihadhari na wakamataji wa watumwa. Sauti ile ile kubwa ilitumikia muuzaji wa watu, ikamtumikia na mtetezi wao. Ukubwa wa sauti hauonyeshi ukweli wa neno. Ni jambo la kukumbuka sana siku hizi, ambapo barabara za miji yetu zimejaa mabango ya mikutano ya sala yanayoahidi feza, ndoa na uponyaji wa papo hapo, yote kwa herufi nene zinazokimbia.

Hapa ndipo nafikia neno lenyewe ninalotaka kusema. Karatasi zetu za ibada zimeanza kuiga mabango hayo. Nimeona karatasi ya misa ambamo wimbo, somo, sala ya kukusanya na tangazo la mchango vyote vilikuwa kwa herufi nene za mlalo. Aliyeitengeneza alikuwa na bidii, alitaka kila kitu kiheshimiwe. Lakini kila mtu akipiga kelele nyumbani, nani anasikiwa? Mtume Paulo aliwauliza Wakorinto: kama baragumu ikitoa sauti isiyojulikana, nani atajiweka tayari kwa vita? Baragumu ni chombo chema. Lakini hatupigi baragumu toka mwanzo wa misa hata mwisho.

Kibaya kuliko vyote niliona kwenye mazishi. Juu ya karatasi palikuwa na sura ya marehemu, mama mmoja mtulivu. Chini yake jina lake na maneno ya kumwombea apumzike kwa amani. Na maneno hayo ya pumziko yalikuwa yanakimbia! Yameinama mbele, mazito, kama watu wanaokimbilia gari la moshi. Watoto wa yule mama hawakuona kosa, na mimi sikuwaambia neno siku ile ya msiba. Lakini nilijiuliza: je, ni sisi tuliowafundisha watu kwamba heshima ni sawa na unene?

Eklezia imejifunza zamani namna nyingine ya kutofautisha maneno. Katika vitabu vya misa maelezo ya matendo huchapwa kwa wino mwekundu, ndiyo maana yanaitwa rubrika, kwa neno la Kilatini la udongo mwekundu. Maneno ya kusali huchapwa kwa wino mweusi. Padri anajua mara moja: chekundu nafanya, cheusi nasema. Na kwa maneno ya konsekrasio, ambayo ni moyo wa misa, wachapaji kwa kawaida hawakutafuta herufi ya kukimbia wala ya kutisha. Waliyapa herufi kubwa zaidi, zilizosimama wima, na nafasi nyeupe kuyazunguka. Nafasi ile nyeupe ni kama kimya cha watu waliopiga magoti. Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Konstitusio juu ya Liturjia ya mwaka 1963, ulitaka ibada zing'ae kwa unyofu wenye uzuri. Unyofu huo si wa mavazi na wimbo tu. Karatasi nayo iwe nyofu. Nabii Eliya hakumwona Bwana katika upepo wa nguvu wala katika tetemeko la nchi wala katika moto, bali alimtambua katika sauti ndogo ya utulivu. Basi tusiiandike sauti ile kwa herufi za tetemeko.

Kuna sababu nyingine ambayo ni yetu wenyewe, nayo inatoka katika lugha. Kiswahili kimesimama juu ya vokali. Karibu kila neno letu linaishia kwa vokali, na mara nyingi vokali moja tu inatenganisha maana mbili: kuoa na kuua, mema na mama, pale na pole. Sasa tazameni herufi u katika chapa hii. Ina nguzo mbili na mlango wazi kwa juu. Juu ya kila nguzo kuna kijiti cha mraba, na kijiti cha nguzo ya kuume kinaelekea ndani, hata mlango unabaki mwembamba. Ukiifanya herufi kuwa nene, mlango unapungua tena. Wino ukienea kidogo mlango unafungwa, na u imekuwa o. Vivyo hivyo tundu la e na la a huzibika. Hiyo ndiyo sababu ya aibu ya mzee wetu. Mfaransa anayesoma Kifaransa labda atakisia neno kwa konsonanti zake. Kwetu, vokali ikifa, neno limekufa. Tena wasomaji wetu wengi husoma kwa sauti, jioni, kwa taa ndogo, karatasi iliyopita mikono mingi. Herufi ya kanisani inapaswa kuchaguliwa kwa ajili ya macho yale, si kwa ajili ya macho ya fratri mwenye miaka ishirini mbele ya kompyuta.

Tena Kiswahili hakiombi sana msaada wa herufi ili kukaza neno. Mwingereza hukaza neno kwa sauti, na asipoweza kusema, huliinamisha neno katika maandiko. Sisi tuna njia ndani ya neno lenyewe. Nikiandika “Yezu ni mchungaji wetu”, nimefundisha. Nikiandika “Yezu ndiye mchungaji wetu”, nimekaza, wala sikuhitaji wino zaidi. Tuna hasa, tuna mwenyewe, tuna kabisa, tunaweza kulitanguliza neno mbele ya sentensi. Mwandishi anayeweka herufi nene juu ya sentensi dhaifu anafanana na mtu anayepaka rangi nyumba iliyopasuka. Atengeneze kwanza sentensi. Mara nyingi ataona kwamba rangi haihitajiki tena.

Wengine watanipinga hivi: Padri, watu wetu wanapenda herufi hizo, zinawavuta, ukiwapa karatasi isiyo na nguvu hawataichukua. Nakubali nusu. Wanaipenda kwenye bango, nami naipenda pamoja nao. Lakini mtu mmoja hupenda ngoma uwanjani, na hupenda kimya karibu na mgonjwa. Hatumchanganyi. Tuwaamini wakristu wetu kwamba wanajua tofauti hiyo, maana wanaijua kuliko sisi.

Ndugu zangu wafratri, ninyi ndio mtakaoandika karatasi hizi kesho. Pokeeni mashauri manne tu. La kwanza: mkazo mmoja watosha. Neno likiwa nene, lisimame. Likiinama, liwe jembamba. Mambo mawili pamoja yaachieni mabango. La pili: herufi nene ya mlalo yenye nyayo za mraba isipite mstari mmoja katika ukurasa, na mstari huo uwe tangazo, kamwe usiwe sala wala Injili. La tatu: maneno ya mapumziko, ya toba na ya kuabudu yasimame wima, kwa herufi ya kawaida, na pawe na nafasi nyeupe. La nne: kabla hamjagawa karatasi, itoeni fotokopi mara tatu, fotokopi juu ya fotokopi, halafu mpeni mzee mmoja aisome kwa sauti, jioni. Akikwama, msimsahihishe mzee. Sahihisheni karatasi.

Nanyi wakatekista, msione haya kuturudishia karatasi mbaya. Mkinyamaza kwa heshima, sisi hatutajua, na watoto watafundishwa makosa yetu.

Mimi mwenyewe niliandika upya zile Amri Kumi. Nilichagua herufi ya wima, yenye matundu mapana, kubwa kidogo kuliko kawaida, na kati ya amri na amri niliacha nafasi. Niliweka neno moja tu kwa Rockwell nene ya mlalo, juu kabisa, siku na saa ya mafundisho, kwa sababu lile lilikuwa tangazo, na vijana huchelewa. Nikampelekea yule mzee. Aliishika mbali na macho yake, kama wazee wanavyofanya, akasoma toka ya kwanza hata ya kumi pasipo kusimama. Alipofika ya tano akaisoma polepole, akanitazama juu ya miwani yake, akasema: “Sasa, padri, vijana wanaweza kuoa.”